Uso Ulioachwa Wazi

Hebu mwone anavyokuja. Bajaji imekwama Mtaa wa Sikukuu, mbele ni mikokoteni na marobota ya vitambaa, haipiti, na mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, anashuka palepale. Kavaa gauni jeusi, kajifunga kitenge cha kinamama wa parokia. Nyuma yake wanashuka wanawake wawili wa jumuiya yake ya Buguruni, mmoja kakumbatia sufuria kubwa, mwingine vitabu vya nyimbo, maana wamejiandaa kukesha msibani. Lakini tazama mwendo wa huyu wa mbele. Hatembei kama mzazi anayekimbilia maiti ya mwanawe. Anatembea taratibu, kidevu kimeinuka, kama mtu anayejua kwamba shughuli haiwezi kuanza bila yeye.

Anaitwa Jovitha. Aliyekufa ni Celina, mtoto wake wa pekee, aliyefia hospitali alfajiri ya siku hiyo baada ya kujifungua. Damu ilikataa kusimama. Mtoto aliyezaliwa, wa kiume, alipona.

Mbele ya nyumba ya wakwe aliwakuta vijana wanashughulika na viti vya plastiki. Akadhani wanapanga.

"Viti vyenyewe ndiyo hivi tu?" akamwuliza mmoja, kwa sauti ya mwenye msiba wake.

"Tunavirudisha, mama. Tumeshazika. Baada ya Adhuhuri."

"Mmemzika nani?"

Kijana akamtazama, akaliona lile gauni. Akakishusha kiti chini. "Mke wa Ammar, mama. Pole sana."

Wale wanawake aliofuatana nao wananiambia kwamba Jovitha hakulia. Aliuliza tena, kwa upole, "Mmemzika nani?" kama mteja anayeuliza bei mara ya pili akitumaini itashuka.

Sasa, msomaji wangu, kutoka Buguruni mpaka Kariakoo si safari. Habari ya kifo aliipata asubuhi na mapema, naye akafika alasiri. Alikuwa wapi? Hapo ndipo habari yake ilipo, na nitakusimulia kama nilivyoisikia kwake mwenyewe na kwa rafiki yake Mwanne. Sitampaka rangi wala sitampaka matope.

Jovitha ni Mngoni wa Songea. Alikuja Dar akiwa msichana, akaolewa, mume akafa Celina akiwa hajaanza shule. Tangu hapo anauza mitumba Mchikichini, nguo za watoto. Ana pasi ya mkaa chini ya meza na hakuna kigauni kinachopanda juu bila kunyooshwa. Meza ya jirani ni ya Mwanne, Mmwera wa Lindi, Mwislamu, muuza viatu. Wangoni na Wamwera ni watani tangu enzi za vita vya mababu, kwa hiyo wawili hawa hutukanana toka asubuhi mpaka wanafunga, na ole wako wewe mgeni uingilie.

"Babu zako walichukua ng'ombe wetu," Mwanne humwambia, "na wewe sasa umechukua kivuli changu. Sogeza huo mwavuli, mwizi."

"Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda, tuliwahurumia," Jovitha hujibu.

Celina alikulia chini ya meza hizo mbili. Akamaliza shule, akapata kazi ya kuuza vitambaa kwenye duka moja Kariakoo, la familia ya Kiarabu iliyozaliwa hapohapo mjini vizazi na vizazi. Ammar alikuwa mtoto wa mwenye duka, kijana mpole, mwenye haya. Wakapendana. Wazee wa upande wa Ammar walikwenda Buguruni kuposa, na Jovitha akawaacha wamesimama nje ya mlango, juani, yeye yuko ndani anasafisha mchele. Walisimama, wakakohoa, wakaondoka. Celina akasilimu, akaolewa, akapewa jina la Rania.

"Mimi nilimbatizisha Celina," Jovitha alisema sokoni, kila mtu akasikia. "Huyo Rania simjui."

Na alilishika neno lake. Miaka miwili. Mwanne alijaribu, akachoka.

Kuna siku moja lakini, na hii Jovitha hunisimulia akiangalia pembeni. Celina alikuja Mchikichini, tumbo kubwa. Unajua desturi yetu, mimba ya kwanza binti anakwenda kujifungulia kwa mama yake, ili mama amkande kwa maji ya moto, ampikie uji, amfundishe kumshika mtoto. Akasimama mbele ya meza ya nguo za watoto, kajifunika ushungi, anatokwa jasho.

"Shikamoo mama."

Jovitha alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba nije kwako, mama. Mwezi wa mwisho huu. Naogopa."

Jovitha akageuza kigauni, akakinyoosha upande wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayowaambia watu wote, "Mteja, za watoto wachanga ziko huku chini. Chagua taratibu usinichanganyie."

Mwanne alikuwepo. Anasema Celina aliinama kweli, akashika kisoksi kimoja, akakirudisha, akaondoka. Mwanne akavaa ndala zake harakaharaka kumkimbilia, akamkosa kwenye watu. Aliporudi hakumtania mtani wake siku hiyo wala siku iliyofuata.

Haukupita mwezi, simu ya Ammar ikaita alfajiri. "Mama, Rania katutoka." Jovitha akapiga yowe, majirani wakajaa chumbani. Akampigia kaka yake Beno, Songea.

"Tulia hapohapo," Beno akasema. "Mtoto wa kike akifia ukweni, wakwe wanatuma mtu mzima aje atamke kwa mdomo. Tangu lini mtu akafiwa kwa simu? Waje. Hawawezi kumzika mtoto wetu bila sisi."

Desturi hiyo ni ya kweli kwao, Beno hakuitunga. Ila usidhani Jovitha hakujua kwamba Waislamu hawalazi maiti. Ameishi Buguruni miaka mingi, amemenya vitunguu kwenye misiba yao. Alijua vizuri sana, na ndiyo maana alikaa. Aliona haraka yao ndiyo itakayowaleta. Tangu ndoa ile, siku hiyo ndiyo ya kwanza wao kuwa na shida naye, na alitaka waje wasimame tena pale mlangoni, safari hii yeye awafungulie baada ya kuombwa.

Simu ikaita tena. Aliiweka mapajani akaitazama inavyotetemeka. Ikakata, ikaita.

"Pokea, mama," akasema Joyceline, mwenyekiti wa jumuiya yao.

"Akija nitaongea naye."

Baada ya Adhuhuri simu ikanyamaza. Ule ukimya ndio uliomwinua. Akajiambia wamekubali kumsubiri, wamekaa kitako sasa. Akavaa, akawaambia kinamama wachukue sufuria na vitabu. Na hivyo ndivyo alivyoshuka kwenye bajaji, kidevu juu, kama ulivyomwona.

Siku ile hakuingia ndani. Alirudishwa Buguruni ameshikwa huku na huku. Beno akafika kesho yake na basi, akagomba na kuta za chumba, akarudi Songea.

Jumuiya haikumwacha. Walikuja kila jioni na rozari zao, wakamchotea maji, wakampikia. Ila jioni moja Joyceline, kwa nia njema kabisa, akamshika mkono akasema, "Usijitese, mama. Mwenyewe aliiacha njia, Mungu akamkata. Shukuru wewe umebaki na dini yako."

Jovitha akamtazama mdomo. Yale yalikuwa maneno yake. Ameyasema miaka miwili sokoni, kisimani, nje ya kanisa baada ya misa, na kila aliposema aliona anamtetea Mungu. Sasa ameyasikia kwa mtu mwingine, yamemwangukia mwanawe aliye ardhini. Akauchomoa mkono wake, akatoka uani.

Kuanzia hapo hakupokea komunyo. Aliingia kanisani wa mwisho, akakaa nguzo ya nyuma, na wenzake walipopanga mstari yeye alitazama sakafu. Sokoni alirudi, lakini nguo akaziuza na mikunjo yake. Mwanne akawa anachukua pasi na kumnyooshea bila kusema kitu, na kwa Mmwera kumfanyia Mngoni kazi bure bila tusi hata moja, watu wa soko walielewa kwamba mambo ni mazito.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilianza karibu siku moja. Mwanne anafunga, Jovitha anafunga, meza mbili zimekaa kimya kwa njaa. Ijumaa moja Jovitha akaacha meza, akaenda kusimama kwenye foleni ya kitubio. Padre alikuwa mzee, mwenye kukohoakohoa.

"Baba, nimemwua mwanangu," akasema.

"Umemwua na nini?"

"Na mdomo."

Padre akamwuliza habari yote, naye akaitoa, mpaka ile ya pasi na kisoksi. Alitegemea kuambiwa si kosa lako, mama, maana hivyo ndivyo kila mtu alivyomwambia, na kila aliposikia alizidi kuzama.

"Hukumwua," padre akasema. "Kifo chake usijibebeshe, hicho ni cha Mungu. Lakini alikuja kwako anaogopa ukamfanya mteja. Na siku ya kufa kwake uliigeuza maiti yake kamba ya kuwavutia watu wakuinamie. Hayo ni yako. Hayo ndiyo unayoyatubu."

Jovitha anasema alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mtu mmoja alikuwa ameyaita mambo kwa majina yake, halafu hakuinuka kumkimbia.

"Na yanasameheka, baba?"

"Hata sasa hivi. Ndiyo kazi iliyoniweka humu. Ila malipizi yako si rozari. Nenda kwa watu waliokuwa wanakupigia simu. Usipeleke maneno mengi."

"Wakinifukuza?"

"Watakuwa na haki yao. Wewe utakuwa umekwenda."

Akapewa ondoleo la dhambi. Akatoka na ile amani inayotisha, ya mtu aliyesamehewa na bado anadaiwa safari. Wiki ikapita hajaenda. Mwanne ndiye aliyeona.

"Padre wako kakwambia nini?"

"Niende Sikukuu."

"Na unangoja nini? Watume tena wazee? Uliwaacha juani mara ya kwanza, warudi kwa miguu ipi?"

"Naona aibu, Mwanne. Nitaingiaje?"

"Mngoni hajui kuingia nyumba ya mtu?" Mwanne akaanza kufunika viatu vyake kwa turubai. "Babu zako waliingia bila hodi. Inuka, mtani. Mimi nitakupeleka."

Na hapa ndipo utani ulipofanya kazi ambayo heshima ingeshindwa. Walipofika, Mwanne akamshika Jovitha kiwiko kama askari aliyekamata mwizi, akagonga. Aliyefungua ni Bi Zeina, mama yake Ammar, mikono imejaa unga wa futari. Alipomwona aliye nyuma, uso wake ukafungika.

"Bi Zeina," Mwanne akasema, "nimemkamata Mngoni alikuwa kajificha Buguruni. Mateka wangu huyu, nauza."

Bi Zeina akapangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Huyo hata bure ni ghali," akasema mwishowe. Lakini akasogea pembeni, na mlango ukabaki wazi.

Wakakaa jikoni. Bi Zeina akaendelea kukata mihogo. Kwa mazoea akasema, "Mama Celina, wewe karibu maji. Nyinyi hamkufunga."

"Nimefunga, bibi. Kwaresima."

"Basi tukae na njaa zetu."

Jovitha akashuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maganda. "Nimekuja kuomba radhi. Nilimkosea Rania, nikawakosea na nyinyi."

Kisu kikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka mdomoni mwake bila dharau.

"Unajua tulikusubiri?" Bi Zeina akauliza.

Jovitha akatikisa kichwa.

"Mwanne hakukwambia, naye alikuwa hapa msibani? Basi alikuhurumia." Mwanne alikuwa ameangalia dirishani. "Tulimwosha asubuhi, tukamkafini. Watu wakitaka kumfunga uso nikasema mwacheni wazi, mama yake yuko njiani. Ammar anapiga simu, mimi natazama mlango. Kila mwanamke aliyeingia nilisema ndiye huyu. Wazee wakagomba huko nje, maiti anacheleweshwa, nikawaambia subirini. Uso ule ulikaa wazi mpaka wanaume walipoingia kubeba jeneza. Mimi ndiye niliyeufunika. Ilikuwa kazi yako, nimeifanya mimi, na mkono huu haujasahau."

Mwanne anasema sauti aliyoitoa Jovitha haikuwa kilio wala neno. Bi Zeina akamwacha mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Radhi yangu nakupa. Mwezi huu siwezi kuswali na wewe umenikaa kooni. Ya Ammar mwombe Ammar. Ya marehemu sina, usinitazame mimi."

Ammar alirudi kutoka dukani kabla ya magharibi. Akamkuta. "Shikamoo mama," akasema, kwa adabu aliyolelewa nayo, akapita chumbani na hakutoka mpaka walipoondoka. Ila kabla hawajaondoka Bi Zeina alikwenda akarudi na mtoto, Nurdin, akamweka mikononi mwa Jovitha. "Ameshiba, hatakusumbua."

Kuanzia hapo Jovitha akawa anakwenda kila Jumamosi. Anakaa jikoni, anambeba mtoto, anafua nepi, anaondoka kabla Ammar hajarudi. Ijumaa Kuu aliubusu msalaba. Jumapili ya Pasaka ikasomwa habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi na manukato, kumhudumia maiti. Ameisikia tangu utotoni. Mwaka huu tu ndipo alipotambua kwamba wale nao walichelewa. Walikwenda kufanya kazi ambayo muda wake ulikuwa umepita, na aliyewatuma mbele na habari njema hakuwauliza mlikuwa wapi. Alipanga mstari, akapokea. Aliporudi kwenye benchi aliwaombea Celina na Rania pamoja, akasema, "Bwana, wote wawili ni mwanangu, nawe unajua yuko wapi."

Ningependa kuishia hapo. Mwenyewe alinikataza.

Jumamosi iliyofuata Ammar alirudi mapema. Akakaa, kwa mara ya kwanza, mkabala naye. Nurdin alikuwa amelala mapajani kwa Jovitha. Bi Zeina anamimina chai.

"Mama, nataka kukuuliza jambo moja, nisikuulize tena."

"Uliza, baba."

"Siku ile nilipiga sana. Nyumba ya msiba ina kelele. Hukuisikia simu, au vipi?"

Sikiliza alivyouliza. Jibu alikuwa amelitanguliza mwenyewe, amelilainisha, limebaki kuokotwa tu. Bi Zeina akasimamisha birika hewani, na macho yake kwa Jovitha yakawa yanasema okota.

"Niliisikia," Jovitha akasema. "Nilikuwa nimeishika. Niliitazama inaita."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uje unipigie magoti."

Ammar akainuka. Akamchukua mtoto kutoka mapajani mwake, taratibu, akimkinga shingo, akaingia chumbani. Komeo likasikika.

"Ungesema hukusikia, mwanamke," Bi Zeina akanong'ona. "Hata mimi ningekuunga mkono."

"Najua, bibi."

"Sasa ona."

"Naona. Lakini nikimshika yule mtoto kwa uwongo, nitakuwa nimemwibia mama yake mara ya pili."

Wiki nzima hakuna simu. Mwanne alimwambia asubiri, apoze mambo. Jovitha anasema moyoni mwake upo mlango mmoja, wa rehema ya Mungu, ambao umeshafunguliwa na hautafungwa tena, na huo ndio unaompa nguvu ya kwenda kusimama kwenye huu mwingine. Jumamosi akaenda. Bi Zeina alikuwa ametoka kwenda sokoni. Ndani alikuwemo Ammar peke yake, mtoto begani, analia kwa njaa, na maziwa bado yanapoa jikoni. Nje akasikia sauti anayoijua.

"Hodi."

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa ndiwe Ammar, ungefungua?